Sala Mdomoni mwa Duara

Kule Samuye Asteria alijulikana kwa jambo moja, na halikumfurahisha kila mtu. Akikuomba kitu ukamnyima, kesho yake asubuhi ungemkuta mlangoni kwako, amevaa kanga ileile, anakuomba tena kwa maneno yaleyale. Hakuwa mgomvi, wala hakupaza sauti. Alikuamkia vizuri, akauliza habari za watoto na za ng'ombe, halafu akarudia ombi lake kana kwamba jana hamkuonana.

Kwa Mungu alikwenda hivyohivyo. Alipoolewa na Ngassa wakakaa miaka mingi bila mtoto, ndugu wa mume walihangaika kumtafutia mganga. Asteria alikataa kwenda. "Mimi shauri langu nimeshalipeleka mahali," aliwaambia. "Siwezi kulipeleka kwingine kabla sijajibiwa." Akaendelea kuomba, asubuhi akifagia uwanja, jioni akisonga ugali, mpaka mama mkwe wake akasema mwanamke huyu hata Mungu atamchoka. Esta alipozaliwa, mama mkwe huyohuyo ndiye aliyembeba kwenda kubatizwa, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake.

Ngassa alikuwa mtu wa namna nyingine. Mcheshi, hodari wa jembe, hana kinyongo na mtu. Lakini kanisani alikwenda Krismasi na Pasaka tu, tena akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. "Wewe tuombee sote," alimwambia mkewe. "Mimi Mungu akiniona nakuja kila siku atadhani nina shida."

Shida ikaja kweli. Mvua ziligoma mwaka wa kwanza, zikagoma na wa pili. Ng'ombe wakaisha mmoja mmoja. Ngassa na mkewe wakamwacha Esta kwa bibi yake ili asikatishe shule, wakafunga mizigo, wakaelekea machimbo ya dhahabu porini huko mbele ya Runzewe. Wachimbaji walikuwa wamepaita Tupate. Walikuwepo watu wa Kigoma, wa Mara, wa Singida, Wakristo na Waislamu, kila mmoja amekuja na njaa yake. Ngassa alipata kazi kwenye duara la Nkwabi. Duara ndilo shimo lenyewe: linashuka wima kama kisima, halafu chini linatoa njia za pembeni kufuata mwamba wenye dhahabu. Asteria alisimamisha turubai akauza uji, chai, na ugali kwa dagaa.

Palikuwa na mwiko pale Tupate: mwanamke hafiki mdomoni mwa duara. Walisema dhahabu inakimbia. Asteria aliona ni upuuzi, lakini alikuwa mgeni, akauheshimu. Asubuhi kabla ya kuwasha moto alisali na wanawake wachache waliokubali kuja. Aliyekuwa hakosi ni Dorah, msichana wa Kisumbwa aliyeolewa na mchimbaji aitwaye Fredy. Jumapili alikuja Thobias, katekista mzee kutoka Runzewe, akisukuma baiskeli yake kwenye matope.

Siku duara lilipoanguka, mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Ilipokatika, Ngassa alikunywa uji wake amesimama, akafunga matobolwa kwenye kitambaa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa kutoka nyumbani, akashuka na wenzake wawili. Mmoja alikuwa Fredy. Wa pili alikuwa Mageni, kijana wa Maganzo aliyechoka kutafuta almasi akaja kujaribu dhahabu. Asteria alikuwa anachambua dagaa aliposikia ardhi ikitoa sauti kama lori linalomwaga mawe. Halafu kelele za wanaume.

Alikimbia. Mdomo wa duara haukuwepo tena. Palikuwa na shimo pana la tope linalofuka mvuke. Mwanamume mmoja alinyoosha mkono kumzuia. "Mama, wanawake hawafiki hapa." Asteria akasimama kwenye kamba waliyoifunga, akayaita majina matatu. Hakuna aliyeitika.

Siku za mwanzo Tupate nzima ilichimba. Waliacha maduara yao, wakaja na makoleo. Wakubwa wa wilaya walifika, ikaletwa mashine pia. Lakini ardhi ilikuwa imelainika. Walichotoa mchana kilirudi kikiporomoka, na mwokoaji mmoja akavunjika mkono. Mvua ikarudi. Wiki ilipopinduka, Nkwabi, mwenye duara, akawakusanya watu. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ndugu zangu," alisema, "ardhi hii inataka kutumeza na sisi. Tumwite katekista awaombee marehemu, turudishe kifusi, hapa pawe kaburi lao."

Watu waliinamisha vichwa. Dorah alikaa chini kwenye tope akaanza kulia kilio cha msiba. Asteria alisogea mpaka kwenye kamba.

"Umewaona?" aliuliza.

"Nani, Mama Esta?"

"Hao marehemu. Umewaona?"

"Mama, mtu hawezi kukaa kule chini siku zote hizi—"

"Sijauliza mtu anaweza nini. Nimeuliza kama umewaona."

Nkwabi aligeuka. Akaondoka akitikisa kichwa, na watu wakatawanyika wakinong'ona kwamba uchungu umemharibu akili yule mama.

Alasiri hiyo Asteria alimvizia Thobias njiani, kabla hajafika machimboni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Ukisali sala ya wafu, kifusi kitarudi. Naomba usiisali."

Mzee alishikilia usukani wa baiskeli. "Nisali ipi basi?"

"Ya walio hai."

Thobias aliegemeza baiskeli kwenye mti. Kisha akasema, "Kuna mjane Bwana alitupa habari zake, aliyemwendea hakimu asiyemcha Mungu. Alimwendea kila siku, mpaka yule hakimu akampa haki yake ili apumzike tu. Naona umeanza kufanana naye."

"Mimi si mjane, mwalimu."

"Haya," alisema mzee. "Basi mwendee hakimu ukiwa na mume."

Jioni ile mdomoni mwa duara Thobias alisali sala ya watu walio hatarini, akawataja kwa majina kama wagonjwa waliolazwa. Nkwabi alikasirika, lakini kifusi hakikurudi siku hiyo.

Kesho yake kukipambazuka, Asteria alikuwa mlangoni kwa Nkwabi. Akamwamkia, akamuuliza amelalaje, akamwomba watu wachimbe. Nkwabi akasema haiwezekani. Keshokutwa akaja tena. Siku iliyofuata Nkwabi alitoka mapema kwa pikipiki ili amkwepe, akamkuta amesimama kando ya njia ya Runzewe, kanga imelowa umande.

"Hivi wewe huna kazi nyingine?" Nkwabi alifoka.

"Sina, baba."

"Wakifa na hao wanaochimba, utawajibu nini wake zao?"

Swali hilo lilimwingia. Alirudi nalo kwenye turubai, na usoni kwake hapakuwa na ushindi wowote. Na siku hiyohiyo ndipo alipofika Abel, mdogo wake Ngassa, kutoka Samuye.

"Shemeji," Abel alisema bila kukaa, "nyumbani watu wako msibani. Mama amelala chini hali chakula. Tunakungoja wewe."

"Waambie wainuke."

"Asteria!"

"Wanamlilia nani? Mmemzika?"

"Unawanyima watu hata kulia," Abel alisema. "Esta amekaa katikati ya waombolezaji. Ananiuliza baba yuko wapi. Nimjibu nini?"

Asteria aliingia nyuma ya turubai, akakaa kwenye mfuko wa mkaa. Huenda alikuwa anawatesa watu bure. Huenda ukaidi wake aliuita imani kwa sababu hakuwa na jina jingine la kuupa. Alifumba macho. "Bwana," alisema, "kama nakosea, niambie sasa hivi. Usiponiambia, naendelea." Akangoja. Alisikia karasha zikisaga mawe kwa mbali, na kuku wa jirani. Basi akainuka, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akatoka.

"Mwambie mama nimekataa," alimwambia Abel.

Abel alimtazama shemeji yake, akalitazama lile shimo. "Siwezi kurudi kwa mama na neno hilo," alisema. "Nipe koleo."

Hapakuwa na mahali pa kutia hilo koleo mpaka kesho yake, Gregory alipomfuata Asteria njiani. Gregory alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara. Walifika kwa Nkwabi pamoja.

"Juu hapachimbiki," Gregory alisema. "Lakini kuna duara la zamani lililoachwa pale pembeni. Huko mwamba ni mgumu. Tukishuka humo tukakata kwa ubavu, nikafunga matimba kila tunaposogea, hapaanguki. Mimi nitakuwa mbele."

"Na pakianguka?"

"Nitakuwa nimetangulia mimi."

Nkwabi alijishika kichwa. Mwishowe akasema, "Chimbeni. Magogo nitatoa. Ila huyu mama asije tena mlangoni kwangu."

"Sitakuja," alisema Asteria. "Mungu akubariki, baba."

Duara la zamani lilikuwa na maji mpaka nusu. Pampu iliyoletwa ilivuta nusu siku ikaziba tope, ikabidi maji yatolewe kwa ndoo, mtu kwa mtu, kutoka chini mpaka juu. Na watu hawakutosha. Wengi walikuwa wamerudi kwenye kazi zao. Mtu hawezi kulala njaa kwa ajili ya maiti, walisema. Mstari wa ndoo ulikuwa na mapengo. Asteria alisimama kwenye kamba akawaona wanaume wakikimbia huku na huko kujaza mapengo, maji yakimwagika, akafunga kanga kiunoni, akainama, akapita chini ya kamba.

"Mama, mwiko!" mtu alipiga kelele.

Mzee mmoja wa Kigoma, Mwislamu mwenye duara la jirani, aligeuka na ndoo mkononi. "Dhahabu ikikimbia itakimbilia wapi?" alisema. "Shika hii, mama."

Asteria aliishika. Nyuma yake akaja Dorah, halafu wanawake wa sala ya asubuhi, halafu hata wale ambao hawakuwahi kusali nao. Sala yake ndefu haikuwezekana tena, pumzi haikutosha. Akabaki na majina matatu. Akipokea ndoo, Ngassa. Akiipitisha, Fredy. Akirudisha mikono, Mageni. Ngassa, Fredy, Mageni, mpaka viganja vikachubuka, mpaka Dorah naye akawa anayataja, na mzee wa Kigoma naye, kwa kufuata mapigo ya kazi tu.

Maji yakashuka. Gregory na Abel na wengine wachache wakaanza kukata mwamba kwa zamu. Walikwenda polepole, wakifunga matimba. Siku nyingine walisogea kiasi cha urefu wa mtu. Siku nyingine hata hicho hawakukipata. Asteria alipika, akabeba maji, akataja majina. Watu walipomwambia apumzike alisema atapumzika wakitoka.

Mchana mmoja wa jua kali, habari ilipanda kutoka chini: nyamazeni. Walizima karasha moja, wakazima ya pili, vijana wakakimbia mpaka mwisho wa machimbo wakiwaomba watu wazime kila kitu. Tupate ambayo haikuwahi kunyamaza ikanyamaza. Gregory, kule chini, alikuwa ameweka sikio kwenye mwamba. Jiwe lilikuwa linagonga jiwe. Linagonga, linapumzika, linagonga tena.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipomtoa Fredy. Walikuwa wamemfunga macho kwa kitambaa kumkinga na mwanga, amebaki mifupa na tope. Dorah hakupiga kelele. Alimshika miguu tu, akaikumbatia. Watu ndio waliopiga vigelegele, na yule mzee wa Kigoma akainua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akatoka Mageni.

Asteria alikuwa ameandaa kikombe cha uji mwepesi. Alikishika kwa mikono miwili, anatazama kamba. Kamba ilipanda na Gregory mwenyewe. Alivua kofia yake ya kazi.

"Mama Esta," alisema.

"Sema."

"Tumempata. Lakini yeye alishatangulia."

Asteria alikitazama kile kikombe. Halafu akaenda mpaka alipolazwa Mageni, akapiga magoti, akamnywesha uji kidogo kidogo mpaka ukaisha. Ndipo alipoanguka.

Siku chache baadaye, kwenye zahanati, Mageni alimweleza yote. Ukuta ulimpiga Ngassa kifuani. Aliishi siku kadhaa. Walikuwa na yale matobolwa na maji yaliyodondoka kwenye mwamba, na hewa iliingia kwa nyufa za juu kutoka lile duara la zamani. Ngassa alishindwa kula, akawaachia wao.

"Tulitaka kulala tu tufe, mama," Mageni alisema. "Yeye akatusukuma kwa mguu. Akasema, nyie hamumjui mke wangu. Yule hawezi kuwaacha watu wa juu wapumzike. Gongeni. Tukagonga. Alipokata roho tuliendelea, kwa sababu tulimwamini."

Asteria alirudi Samuye na mwili wa mumewe. Walimzika vizuri, Abel akitupia udongo kwa mikono yake iliyojaa malengelenge. Na baada ya hapo, mwanamke aliyekuwa anamwomba Mungu akifagia uwanja, alifagia uwanja amefunga mdomo.

Hakuacha kwenda jumuiya. Alikaa, akasikiliza wenzake wakisali, akaondoka. Thobias alisafiri kutoka Runzewe kuja kumwona.

"Mwalimu," alimwambia, "nilimwomba Mungu anipe mume wangu. Jina sikukosea. Nililitaja kwa kila ndoo. Siku ile niliyokwambia mimi si mjane, pengine nilikuwa mjane tayari. Kwa nini aliniacha niombe?"

Mzee angeweza kusema mengi. Alikuwa amezika watu wengi na maneno ya kufariji aliyajua yote. Alisema, "Sijui, mwanangu," akakaa naye mpaka jua likapungua, akaomba maji ya kunywa, akaaga. Asteria alimheshimu kwa hilo kuliko kwa mahubiri yake yote.

Msimu wa kupanda ulipofika, walikuja wageni: Mageni, sasa ameanza kujaa mashavu, na mama yake, Euphrasia wa Maganzo, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi zilizoanza kuota upya. Euphrasia alitaka kupiga magoti uwanjani. Asteria akamwinua.

"Waliponipigia simu," Euphrasia alisema walipokwisha kukaa, "nilinyoa nywele siku ileile. Nikagawa nguo zake. Mungu sikumwambia neno, isipokuwa kwamba amenikosea. Sikumwombea mwanangu hata mara moja, mama. Nimekuja kukwambia hivyo. Wewe ulikuwa unamwombea mtu usiyemjua."

"Nilimjua. Alikuwa mteja wangu," alisema Asteria. "Anakunywa uji bila sukari."

"Tangu mdogo!" Euphrasia alisema, akacheka, na kicheko kikageuka machozi, na Asteria akajikuta analia naye, kilio ambacho hakukilia hata kaburini.

Walipoondoka alichukua jembe akaenda shambani peke yake. Udongo ulikuwa umelowa. Alilima mstari mmoja, akasimama. "Nimekukasirikia," alisema kwa sauti. "Sijamaliza kukasirika. Umewatoa wawili kwa majina niliyoyataja, na wa kwangu umemchukua. Sielewi. Lakini sina kwingine pa kulipeleka shauri hili, na wewe unajua." Akalima mstari wa pili, akiendelea kusema. Mwanamke aliyekuwa anapita na kuni alidhani Mama Esta anazungumza kwa simu.

Tangu siku hiyo alirudi kusali. Esta, aliyekuwa anakua na kuanza kuwa na maswali ya mtu mzima, alimtazama asubuhi moja akimaliza, akauliza lile ambalo ndugu wote walikuwa wamelizunguka.

"Mama, kama baba alikuwa ameshakufa, ulikuwa unamwombea nani siku zote zile?"

"Baba yako, na Fredy, na Mageni. Aliyekuwa hai na aliyekuwa amekufa, mimi juu nisingejua. Ningeacha kwa ajili ya mmoja, wangekufa watatu."

Esta alifikiri. "Na sasa unaomba nini?"

"Mahindi yashike. Wewe ufaulu. Mtoto wa Dorah azaliwe salama." Asteria alikunja mkeka wake. "Halafu namuuliza habari ya baba yako."

"Ameshakujibu?"

"Bado."

"Akinyamaza?"

"Nitamuuliza na kesho," alisema Asteria, akachukua ufagio. "Lete maji tuwahi shamba."